Kufuata Riale ya Gathogo hadi Olenguruone

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza mara nyingi nilikuwa wapi Jumapili ile ambayo sauti ya tatu ilibaki na mtu mmoja, tena mwenye mafua. Mmoja wenu, na ninamjua, ameeneza habari kwamba nimeoa Molo. Sikuoa. Nilikwenda kufuata sarafu. Najua jibu hilo litawachekesha kuliko lile la kuoa, ndiyo maana nimeona niliandike lote, mcheke mara moja tumalize.

Kwanza mjueni Gathogo. Alikuwa mkulima wa Dundori, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu mmoja aliyefuga farasi. Siku moja akichimba viazi, jembe lake lilitoa udongoni kitu cha duara, cheusi, kizito. Kilikuwa pambo la kubana kwenye nguo ya mwanamke: sarafu kubwa ya fedha, imeshikwa kando na pete yenye meno manne. Nadhani mke wa yule mzungu aliidondosha akienda kuangalia farasi, akalia, akasahau. Gathogo aliniletea mimi kwa sababu nilikuwa namfundisha binti yake Wambui historia, na shule nzima ilijua kuwa Mwalimu hukusanya sarafu kuukuu.

Ilikuwa riale nane ya Wahispania, iliyopigwa Meksiko mwaka wa 1790. Ndugu zetu wa pwani walizijua sana riale. Huku kwetu juu hazikuwa na kazi. Upande mmoja ina ngao katikati ya nguzo mbili, upande wa pili ina kichwa cha mfalme. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza. Jina lililoandikwa ni la mfalme mpya, lakini sura ni ya baba yake aliyekwisha kufa. Nikamwambia Gathogo ni ya kughushi. Akasema ni ya kweli. Baada ya miaka nikasoma kwamba zile za kwanza za mfalme mpya zilipigwa hivyo hasa, kwa sababu picha yake ilikuwa bado haijafika kutoka Hispania, na kazi haikuweza kungoja. Nikakubali nimeshindwa, kisha nikaanzisha ugomvi mwingine. Nikamwambia ushahidi wote uko kwenye ukingo. Wanaoghushi hunakili uso vizuri sana, lakini ule mchoro wa pembeni, viduara na vimstatili vinavyofuatana, huwashinda. Na ukingo wa riale ya Gathogo ulikuwa umefunikwa na ile pete.

Nilimsihi aifungue. Alikataa. Alisema meno yatavunjika, na mke wake atamcheka. Basi kila Jumapili baada ya ibada nilipanda Dundori, tukaketi na riale katikati ya meza, tukabishana. Gathogo alikufa mwaka jana wakati wa baridi, na pete ilikuwa bado imefungwa.

Kiamunyi hadi Dundori

Niliondoka nyumbani, hapa Kiamunyi, Nakuru, Ijumaa asubuhi na mkoba mmoja: lenzi, mizani yangu ndogo ya kupimia sarafu, sweta mbili na mkate wa kumpelekea mjane. Nilifunga mlango, nikasimama hapo kidogo kwa mazoea ya mtu anayetaka kuaga. Hakukuwa na wa kumuaga. Mke wangu mnajua aliko, na watoto huja Krismasi wakiwa na tikiti ya kurudi mfukoni.

Sikuwa nimepanda Dundori tangu mazishi. Watu husema upweke ni kukosa mtu nyumbani, lakini kwangu mimi ni kitu kidogo zaidi. Ni Jumapili saa nane mchana, nimekwisha vaa viatu, halafu nakumbuka.

Kilichoniondoa ni simu ya mjane wake, Mama Wambui. Alisema amekumbuka jambo ambalo msiba ulimsahaulisha: mzee aliagiza ile riale apewe Mwalimu. Mwenzenu sikulala vizuri usiku huo. Nilitaka kujua. Sikuwa na haja ya bei yake. Nilitaka kufungua ile pete na kujua ni nani kati yetu aliyekuwa sahihi, kwa maana hapakuwa na mtu mwingine aliye hai ambaye jambo hilo lilimhusu, na mimi nikifa nalo litakuwa limeisha bila jibu.

Nilimkuta Mama Wambui shambani, magoti yote mawili udongoni. Alininawisha mikono, akanipa viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa mazito. Ndipo akaniambia kwamba aliitafuta riale baada ya kunipigia, akakuta haipo. Vitu vya mzee vilipogawanywa, Wambui aliiona akadhani ni pambo tu, akaondoka nalo hadi kwake Olenguruone alikoolewa. Asiyekuwapo na lake halipo. Mimi siku ile ya kugawana nilikuwa Kiamunyi, najionea huruma.

Mama Wambui alimpigia binti yake palepale, akaiweka simu mezani ili nisikie. Wambui aliomba msamaha sana, kama vile bado ni mwanafunzi wangu.

"Mwalimu aje tu," akasema. "Nitaambia Gogo. Akifika atapata imetayarishwa."

Gogo ni mama mkwe wake, ndivyo wanavyomwita nyanya huko. Neno hilo la kutayarishwa lilipita masikioni mwangu nikafikiria chakula. Laiti ningekwenda bila kutanguliwa na simu, masimulizi haya yangekuwa mafupi.

Dundori hadi Molo

Jirani mmoja, Ndung'u, alikuwa anapeleka mbegu ya viazi Molo kwa pikapu yake, akasema tunaondoka saa hiyo hiyo. Saa hiyo hiyo ya Ndung'u ni mnyama wa ajabu. Alipakia magunia, gunia moja likapasuka, tukaokota mbegu mojamoja. Akakumbuka chumvi ya ng'ombe. Akakumbuka pia kwamba chumvi ya ng'ombe alikuwa ameinunua jana. Tulipoteremka kuelekea mjini jua lilikuwa limeshaanza kuegemea.

Tulipopita Njoro aliniuliza, bila kunitazama, hiyo dhahabu naenda kuchukua ni kilo ngapi. Nilimweleza kwamba si dhahabu, ni sarafu ya kale, wala hainunui hata chai. Alitafakari hilo kwa umbali mrefu. Kisha akauliza, sasa naifuatia nini? Nikamweleza habari ya mfalme mpya na sura ya baba yake marehemu. Nilieleza vizuri kwa kweli, kwa mkono na kwa sauti, kama niko darasani.

"Hiyo si ajabu, mzee," akasema. "Mimi jina ni la guka, yaani babu yangu, na sura ni ya babangu. Na niko genuine."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu hilo ndilo jibu hasa ambalo Gathogo angenipa, na nilikwisha geuza kichwa nikipanga jinsi nitakavyomsimulia.

Nusu kilo ya Molo

Molo ilinipokea na manyunyu na baridi yake ile ya kuingia kwenye mifupa. Nilipata chumba, kisha nikaingia hoteli moja yenye bucha mbele, nikaagiza nusu kilo ya mbuzi ya kuchoma. Nikisubiri, wasiwasi ukanishika kwamba mashimo ya barabara yameiharibu mizani yangu. Nikaitoa, nikaiweka mezani, nikaijaribu kwa kile kijiwe chake cha chuma cha kupimia. Ilikuwa salama. Nikaandika namba kwenye kiganja ili nisisahau.

Mwenye bucha alikuwa ananitazama kupitia kioo. Nyama ilipokuja, haikuwa nusu kilo. Ilikuwa karibu mguu mzima wa mbuzi, na kachumbari, na ugali wa watu wanne, na yeye mwenyewe ndiye aliyeileta, amevua kofia. Aliinama akaniambia polepole kwamba mizani yao iko sawa kabisa, mkubwa, na ilikaguliwa juzi. Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anayejua kuwa serikali ina njia zake. Kadiri nilivyozidi kukana, ndivyo alivyozidi kuongeza chumvi kwenye kisahani.

Ningekuwa na mtu wa kukaa naye mbele ya nyama ile tungecheka mwaka mzima. Nilitazama meza nyingine nikitafuta wa kumkaribisha. Kila mmoja alikuwa na simu yake. Nilikula nilichoweza, nyingine nikafungiwa kwenye karatasi, nikampa bawabu wa pale nilipolala. Alimshukuru Mungu, akaniuliza kama niko peke yangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nifunge mlango kwa ndani.

Matope ya Keringet

Asubuhi nilipanda gari la maziwa lililokuwa likirudisha mitungi mitupu. Mvua ilikuwa imekesha ikinyesha milimani, na baada ya Keringet barabara ilikuwa imekuwa uji. Lori lilikuwa limekaa katikati kiubavu, na dereva wetu akasema trekta limeitwa. Nikauliza limeitwa na nani. Akasema limeitwa tu.

Tulijikinga kwenye baraza ya kinu cha kusaga mahindi, mimi na mama mmoja wa makamo aliyekuwa na jogoo ndani ya kikapu. Alinivunjia kipande cha hindi la kuchoma bila kuniuliza. Aliona koti langu jeusi, lile la kwaya, akauliza kama natoka matangani. Nikamwambia hapana, ila kuna mtu alikufa mwaka jana, na safari yangu inamhusu.

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Wa ukoo? Shemeji?"

"Rafiki tu," nikasema.

Alitafuna hindi lake. Kisha akauliza kitu ambacho sijakisahau.

"Sasa mzee, mtu akifiwa na rafiki, nani humpatia pole?"

Nilijaribu kukumbuka. Kwenye mazishi tulipanga mstari, tukampa pole mjane, tukampa Wambui, tukawapa ndugu hadi wa mbali waliokuja na basi la kukodi. Mimi nilikuwa kwenye mstari, natoa. Nikarudi Kiamunyi jioni ile ile nikapika chai. Nikamwambia yule mama kwamba sidhani kama kuna mtu.

"Basi pole," akasema, akanishika mkono, mkono wake ukiwa na masizi ya hindi. "Pole sana."

Nilitazama lori. Nilishukuru kwamba mvua ilikuwa ikipeperuka na kutulowesha nyuso sote wawili. Trekta lilikuja mchana, kweli, bila mtu kujua limetoka wapi.

Olenguruone

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani ya chai nilipofika kwa Wambui. Alinipokea mkoba, akanivusha matope, akaniketisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Amenenepa, ana sauti ya baba yake. Mumewe alikuwa ameenda kuuza ng'ombe. Gogo aliingia na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolala, yenye rangi ya mawingu kwa sababu ya mkaa wa mti wanaosugulia kibuyu. Aliyatikisa, akanimiminia kikombe kikubwa. Mimi na maziwa yaliyolala hatujawahi kuelewana, lakini mzee mzima hakatai. Nilikunywa yote kwa pumzi moja ili yaishe, na Gogo, kwa furaha ya kuona yamenipendeza, akajaza tena.

Kisha akaleta kisahani kilichofunikwa kwa kitambaa. Alikiweka mbele yangu, akafunua.

Riale ilikuwa inang'aa kama sufuria ya dukani. Pembeni yake ile pete ilikuwa wazi, meno yote manne yamenyooshwa, nayo imeoshwa.

"Ilikuwa chafu, chafu sana," Gogo akasema. "Nyeusi kama chungu. Wambui akasema mwalimu wake anatoka Nakuru kuiona. Nikasema hapana, mgeni hawezi onyeshwa kitu kama hiyo. Nikaitoa kwa hiyo chuma, nikasugua na jivu na mchanga na gunzi. Asubuhi mpaka mkono ikachoka."

Ninyi mnaosugua sufuria hamtaona ubaya wowote, kwa hiyo nieleze. Ule weusi ni ngozi ya sarafu. Umekaa hapo miaka zaidi ya mia mbili, na ukiuondoa haurudi. Pua ya mfalme ilikuwa imelala. Mikunjo ya nywele ilikuwa imekuwa mikwaruzo. Jina lake, lile tulilobishania Jumapili zisizo na idadi, lilibaki kivuli. Lakini mbele yangu alikuwa ameketi mwanamke mzee aliyenifanyia heshima kubwa kuliko niliyofanyiwa mwaka mzima, anangoja kuona uso wangu. Nikaichukua riale kwa mikono miwili. Nikasema asante Gogo, imetakata kweli. Alicheka, akajipangusa mikono ingawa haikuwa na kitu.

Ndipo nikaigeuza ubavu, nikaisogeza dirishani na lenzi.

Gunzi haliingii kwenye ukingo. Pale pembeni, ambapo pete ilikuwa imekinga, palikuwa pamebaki giza lake, na ndani ya giza hilo kiduara, kimstatili, kiduara, kimstatili, vimekatwa vizuri. Niliizungusha polepole. Mahali pamoja mchoro ulipandana kidogo, kama mshono wa fundi. Nikazungusha nusu nyingine, nikapata mshono wa pili, mkabala wake kabisa. Ndivyo walivyofanya kule Meksiko: ukingo ulipigwa kwa vyuma viwili, kila kimoja nusu, na vikikutana huacha alama. Waghushi wengi hawajui hivyo. Nikaiweka kwenye mizani. Gramu ishirini na sita na ushei, upungufu wa kufika ishirini na saba ni wa uchakavu na jivu la Gogo.

Gathogo alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Niliinua kichwa ili niseme. Mdomo ulikuwa umekwisha funguka. Mbele yangu palikuwa na Wambui na Gogo, watu wema, wakingoja kujua kama nitaongezwa maziwa.

"Ni ya ukweli, Mwalimu?" Wambui akauliza.

"Ni ya ukweli. Baba yako alisema kweli."

"Sawa," akasema. "Chukua basi, ni yako. Na umalize hiyo, kuna githeri inakuja. Nilipika juu yako."

Nilimaliza, nikala githeri yake ya mahindi na maharagwe, nikasifu. Nililala kwenye kitanda cha wageni, blanketi tatu, riale chini ya mto. Ushindi wa mtu mwingine ni mzigo mzito ukikosa wa kumkabidhi.

Kurudi kwa njia ya Dundori

Ningeweza kwenda moja kwa moja nyumbani. Lakini ilikuwa Jumapili, na nilipofika mjini miguu ilijua njia. Nilipanda Dundori mchana, saa zangu zile za kawaida.

Mama Wambui alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilikaa kwenye kigoda, si kwenye meza yetu, nikamsimulia nyama ya Molo akacheka, nikamsimulia gunzi la Gogo akasikitika kidogo. Kisha nikatoa riale, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikamwambia kile nilichokuwa nimekibeba tangu Olenguruone. Kwamba nimeona ukingo. Kwamba ni ya kweli, mzee alikuwa sahihi, na mimi nilikosea.

Hakuishangaa. Aliigeuza mara moja, akanirudishia.

"Alikuwa anajua," akasema.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa akisema hivyo siku zote.

"Hapana, Mwalimu. Alijua. Ile siku ulimwambia mambo ya pembeni, ulipotoka tu hapo kwa gate, alichukua kisu yangu ya jikoni akafungua. Akaangalia na ile lenzi ulikuwa umemwachia. Akacheka peke yake kama mtoto. Halafu akaifunga tena, akakunja meno na kijiko."

Nilimuuliza mbona hakuniambia. Miaka yote ile.

"Hata mimi nilimuuliza," akasema. "Akasema, 'Mwalimu akishajua, atakuwa anapanda huku kufanya nini?'"

Viazi vilikuwa vinaanza kuchemka. Niliinama nikasukuma kuni chini ya sufuria.

"Ningekuja," nikasema. "Hata bila sarafu. Ningekuja tu."

Mama Wambui aliweka kisu chini.

"Mimi nilijua hivyo," akasema. "Yeye hakujua. Nyinyi mlikuwa mnaongea mambo ya sarafu tu."